Kabla Wasiwasi Haujapoa

Kandokando ya Mto Nyamwamba, kati ya Kilembe na mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, yametapakaa mawe makubwa kuliko gari. Hakuna aliyeyapanga pale. Mto ndio ulioyabeba. Tarehe 1 Mei 2013 uliingia hospitali ya Kilembe, ukazoa nyumba za wafanyakazi na kung'oa madaraja. Mei 2020 ukarudia, na safari hiyo haukuwa peke yake: Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha, ule unaopita mpakani mwa Kongo karibu na Bwera, nayo ilivunja kingo zake. Hospitali ikaharibiwa mara ya pili, na baadhi ya familia zilizohamishiwa Muhokya zikaishi kambini kwa miaka. Kisha Septemba 2022 udongo ukaporomoka Kasika, huko Rukoki, ukaua watu zaidi ya kumi, wengi wao wanawake na watoto.

Wasiwasi wa tabianchi hapa, basi, si habari ya redioni. Ngurumo ikisikika mlimani usiku, mzazi huamka kuangalia watoto wamelala wapi. Lakini asubuhi ikifika, maharage hutokota kwenye sigiri kwa saa tatu bila kifuniko, kaveera la mkate, yaani mfuko wa plastiki, hutupwa mtaroni, na jembe hulima hadi kwenye ukingo uleule uliomong'onyoka msimu uliopita. Watu wanajua, na wanajali pia. Ila kati ya hofu ya usiku na mazoea ya mchana kuna kazi ambayo semina nyingi za mazingira huiruka.

Huko Uingereza kazi hiyo imechunguzwa kwa namna inayofaa kusikika Kasese. Mwaka 2011 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliohoji watu 1,822: waliowahi kukumbwa na mafuriko walikuwa na wasiwasi zaidi kuhusu tabianchi, na walisema wako tayari zaidi kubana matumizi ya nishati. Walisema, hakuna aliyewafuata jikoni. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwanasaikolojia Bas Verplanken na wenzake walikuwa wamewaangalia wafanyakazi wa chuo kikuu na safari zao za kwenda kazini. Waliojali mazingira na waliokuwa wamehama nyumba karibuni ndio waliotumia gari mara chache zaidi. Waliojali vilevile lakini wakabaki kwenye nyumba zao za zamani waliendelea na gari kama kawaida. Mwaka 2016 Verplanken na mwenzake walirudia jambo hilo mjini Peterborough wakiwa na washiriki 800 na vitendo 25 vya kila siku, wakaona kwamba nafasi ya kubadilika hudumu kama miezi mitatu baada ya kuhama. Ikipita, maisha hujifunga tena.

Familia iliyopoteza nyumba kwa mto na kujenga upya iko ndani ya nafasi hiyohiyo, hata kama hakuna aliyeichagua. Walio ndani yake ni pamoja na wanandoa wapya wanaopanga jiko lao la kwanza, kijana aliyepata kazi Hima na kupanga chumba karibu na kiwanda, na mkulima aliyerithi kipande cha mlima. Kwa hao, wasiwasi una pa kushika. Kwa aliyetulia nyumbani kwake miaka kumi, ushauri ni kungoja badiliko lolote, iwe paa jipya, jiko lililovunjika au msimu wa kupanda, na kuingiza zoea moja hapo. Kuanza mambo saba Jumatatu moja ni njia ya uhakika ya kuyaacha yote kabla ya mwezi kwisha.

Bwera ina somo lake la karibu zaidi. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo, na mtoto wa miaka mitano akafariki katika kituo cha matibabu cha Bwera, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa upande wa Uganda katika mlipuko ule. Pale mpakani Mpondwe, ambako siku za soko, Jumanne na Ijumaa, maelfu ya watu huvuka na mihogo, samaki, kahawa na vitenge, kila mtu alipaswa kunawa kwa maji yenye klorini na kupimwa joto. Hakuna aliyeulizwa kama anaamini. Ndoo ilikuwa njiani, huwezi kuipita. Hofu ilisaidia watu wakubali kuwekewa ndoo hapo, lakini aliyewafanya wanawe kila siku ni yule aliyeijaza maji kila asubuhi. Anayetaka mazoea ya mazingira nyumbani aanze kwa kujiuliza ndoo yake itakaa wapi na nani ataijaza.

Jiko ndilo mahali pa kuanzia, kwa sababu moto huwashwa kila siku na gharama yake inaonekana mfukoni. Kaya takriban tisa katika kila kumi nchini Uganda hupikia kuni au mkaa. Mkaa ndio unaokula miti zaidi: kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hugharimu kilo sita hadi kumi za kuni. Gunia linaloegemea ukuta Kasese lilikuwa miti mingi kuliko linavyoonekana.

Mwaka 2012 wilaya ya Kasese na shirika la WWF zilianzisha mpango wa kuifanya Kasese kuwa wilaya ya mfano, lengo likiwa kila kaya ipate nishati safi ifikapo 2020. Paneli za jua zikaenea. Ila Kasese, kama kwingineko Uganda, taa ilitangulia na jiko likabaki nyuma, na sababu yake inafundisha. Taa ya jua hulipa usiku wa kwanza: mtoto anasoma, simu inachajiwa, mafuta ya taa hayanunuliwi. Jiko jipya huja na adabu mpya. Kuni zikatwe fupi, zianikwe, sufuria ikae sawasawa, na mpishi, ambaye kwa kawaida hakuulizwa jiko linunuliwe lipi, abadili mkono aliouzoea tangu utotoni. Mume anayetaka kuleta jiko banifu nyumbani kama zawadi ya mazingira afanye jambo moja kabla ya kulipa: ampe mpishi mwenyewe achague, tena akiwa na sufuria yake kubwa mkononi. Majiko mengi yaliyoachwa nje ya nyumba yakitagiwa mayai na kuku yaliachwa kwa sababu sufuria ya familia haikuingia.

Jiko la udongo la kujengwa jikoni halihitaji duka. Udongo wa kichuguu, nyasi kavu zilizokatwakatwa, maji na siku kadhaa za kukauka kivulini vinatosha, na aina yenye mashimo mawili na bomba la moshi imejengwa katika wilaya nyingi za Uganda tangu katikati ya miaka ya 2000. Likipata ufa lizibwe siku ileile. Ufa ukiachwa, moshi unarudi ndani, mpishi anarudi kwenye mafiga matatu, na hapo hakuna semina itakayomrudisha.

Kisha kuna maharage, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo mla kuni mkubwa. Yakilowekwa usiku kucha hupungua muda wa kuiva kwa kiasi kikubwa. Maji ya kulowekea yamwagwe, maharage yatiwe maji mapya na yachemke kwa nguvu walau dakika kumi, kwa kuwa maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayoharisha na kutapisha. Yaendelee kuchemka nusu saa hivi, kisha sufuria iliyofunikwa iondolewe motoni na kuwekwa ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, na juu yake mto mzito. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yamelainika bila ukuni mwingine hata mmoja. Yarudishwe motoni yachemke tena kabla ya kuliwa. Kwenye vijiji vya mlimani, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 93 tu, kwa hiyo kule kapu lipewe muda zaidi na kulowekwa kusirukwe kamwe. Bundu, ule ugali wa muhogo wa Bakonzo, wenyeji wa milima hii, halingojei kapu. Linataka moto mkali na mkono wenye nguvu, na hakuna ushauri wa mazingira unaopaswa kumdanganya Mkonzo kwamba kuna njia nyingine.

Mwenye umeme, hasa Hima na Kasese mjini, ana hesabu tofauti. Mwaka 2022 Uganda ilianzisha bei ya mapishi: uniti kuanzia ya 81 hadi ya 150 katika mwezi zilitozwa chini ya zile zilizozitangulia moja kwa moja. Familia inayowasha taa mbili na redio haifiki huko, kwa hiyo haitaona nafuu hiyo. Inayopikia umeme kweli inaweza kuifikia. Bei hubadilika, na ni vyema kuulizia ya sasa kabla ya kununua jiko la presha la umeme, ambalo kwa maharage na nyama ngumu ndilo lenye tija kuliko majiko yote ya umeme.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo makala nyingi za mazingira hulipita kimya. Mganda wa kawaida, tukihesabu mafuta ya petroli, makaa ya mawe na saruji, hutoa kilo 100 hadi 150 hivi za kaboni dayoksidi kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia unakaribia tani 5. Mama wa Bwera akizima sigiri yake milele, mvua ya mlimani haitajua. Hata Hima yenyewe, ambako kiwanda cha saruji kimekuwa kikichoma makapi ya kahawa ili kupunguza mafuta mengine, sehemu kubwa ya hewa chafu hutoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapounguzwa, na viwanda vya saruji duniani huchangia asilimia 7 au 8 ya kaboni dayoksidi yote ya binadamu. Hesabu hiyo ni ya wenye matanuri na serikali zao. Kumtwika mwenye sigiri lawama ya dunia si haki, na isitoshe humchosha mapema. Mazoea ya Kasese yana kazi nyingine iliyo karibu zaidi: kushika udongo, kushika maji na kupunguza matumizi ya nyumba. Mtu akijua hilo hatavunjika moyo akisikia kwamba joto la dunia limepanda tena.

Tuje mlimani. Theluji ya Rwenzori, ambayo kwa Bakonzo ni Nzururu na maskani ya mungu wao Kitasamba, inakwisha. Hilo halina ubishi. Msafara wa Mwitalia aliyeitwa Duke wa Abruzzi ulipopanda mwaka 1906, barafu ilifunika kilomita za mraba kama saba na nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilibaki moja hivi. Wazee wana haki ya kuhuzunika. Lakini barafu hiyo imekuwa ikichangia sehemu ndogo sana ya maji ya mito, na mafuriko hayatoki kwenye kuyeyuka kwake. Maji ya Nyamwamba ni mvua, na kinachoamua kama yatashuka polepole au kwa kishindo ni misitu, vinamasi na mashamba yaliyo chini ya theluji. Watafiti waliochunguza mafuriko ya 2013 walitaja pia moto wa Februari 2012 ulioteketeza uoto wa sehemu za juu za bonde. Moto wa mlimani hauwashwi na tabianchi peke yake. Kwa mwenye shamba hii ni habari njema kidogo, kwa kuwa barafu hawezi kuirudisha, ila kiberiti anaweza kukiacha mfukoni. Mabua yaliyotandazwa shambani hulinda udongo na kuushibisha. Yaliyochomwa huuacha uchi wiki chache kabla ya mvua kubwa.

Kwenye ukingo wa mto sheria ipo tangu mwaka 2000: mita 30 kwa mito midogo na 100 kwa ile mikubwa iliyoorodheshwa, pasipo kulima. Wenye ekari nusu hucheka wakisikia mita 30, na kicheko chao kina maana, kwani kwa wengine ukanda huo ndio shamba lote. Basi ushauri unaotekelezeka ni kuufanya ukanda uzae kitu bila jembe. Mianzi, ambayo imepandwa sehemu za kingo za Nyamwamba, hushika udongo kwa mizizi iliyosukana na huuzwa kwa ujenzi na vikapu. Matete ni malisho ya mbuzi na ng'ombe. Mkaratusi upandwe mbali na chemchemi. Hukua haraka na hulipa vizuri, lakini kiu yake majirani wa chini wataijua.

Juu zaidi, kwenye kahawa ya arabika, wakulima wa ushirika wa Bukonzo Joint wa Kyarumba na wengine wa milimani wana faida moja: kahawa yao hupenda kivuli. Mringaringa na mgrivea katikati ya mibuni hupunguza joto, hutoa majani ya kurutubisha udongo na baadaye mbao. Mkulima anayepanda mti kwa ajili ya kahawa hautelekezi. Anayeupanda kwa ajili ya picha ya sherehe huusahau kabla ya kiangazi.

Mitaro ya kuzuia mmomonyoko inahitaji tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha. Njia ya fanya juu, iliyopata umaarufu Machakos nchini Kenya, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili polepole ujenge ngazi, hufaa kwenye miteremko ya wastani. Kwenye mteremko mkali wenye udongo mwembamba juu ya mwamba, kama ilivyo sehemu nyingi za Rwenzori, mtaro unaotuamisha maji unaweza kuulainisha mlima na kuualika uporomoke. Huko ni bora mistari ya matete na miti ya mizizi mirefu, na maji yaelekezwe kando yashuke taratibu. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama kwa pamoja au chemchemi iliyogeuka tope ghafla ni dalili za mlima unaosogea. Akiziona, mwenye nyumba ahamishe watu kwanza, amwambie mwenyekiti wa kijiji (LC1) na majirani wa chini, na mambo ya miche yasubiri.

Maji ya paa ni hesabu rahisi kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 800, na hata ukitoa yanayopotea, zaidi ya 600 zinaweza kuingia kwenye tangi. Mji wa Kasese hauoni mvua nyingi kama milima iliyo juu yake, kwa hiyo kila mvua ina thamani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa. Maji ya kunywa yachemshwe. Walio karibu na Kilembe wana sababu ya ziada ya kukinga mvua: Nyamwamba hupita kwenye mabaki ya machimbo ya shaba yaliyofungwa mwaka 1982, nayo mafuriko huyazoa, na kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi madini.

Kaveera lina historia ya kuchekesha. Uganda iliyapiga marufuku yale membamba mwaka 2009, na bado yapo kila kibanda, wakati Kenya ilipiga marufuku makaveera mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na watu wakazoea vikapu. Wakenya na Watanzania hawakuwa na hofu zaidi ya tabianchi. Muuza duka tu hakuwa tena na kaveera la kutoa. Mpaka Uganda ifike huko, anayekwenda soko la Mpondwe anaweza kujisaidia kwa kuning'iniza kikapu kwenye kitasa cha mlango usiku wa Jumatatu na wa Alhamisi, si kabatini. Wa bodaboda akifunge kwenye kiti cha nyuma kisishuke kabisa. Na yale makaveera yaliyokwisha kuingia nyumbani yasiwashiwe moto wa jikoni, kama wengi wanavyofanya asubuhi kukiwa na baridi. Moshi wake huingia kwenye mapafu ya watoto kwanza.

Limebaki suala la watu. Zoea la mtu mmoja katika nyumba ya watu wanane halina maisha marefu. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo viko karibu kila kijiji cha Kasese, vina nguvu ambayo haijatumiwa ipasavyo: vina siku ya kukutana, vina daftari na vina aibu. Kikundi kinachoandika nani amepanda miche mingapi, kisha kikaandika tena baada ya mwaka mmoja ni mingapi iliyo hai, kitapata misitu midogo. Kinachoandika iliyopandwa tu kitapata daftari lililojaa. Watoto nao wapewe kazi yenye mwisho unaoonekana, kama kujaza kibuyu chirizi kando ya choo au kumwagilia miche mitano yenye majina yao. Kumsimulia mtoto wa miaka saba kwamba mlima utawaangukia, bila kumpa la kufanya, ni kumnyima usingizi bure.

Kwa aliye tayari kuanza mwaka huu, kalenda ya Kasese inampa nafasi mbili, mvua za Machi hadi Mei na zile za Agosti hadi Novemba. Mashimo ya miche yachimbwe wiki tatu kabla, udongo wa juu uwekwe upande mmoja na uchanganywe na samadi, na miche iagizwe kwenye kitalu mapema, kwa kuwa mvua ikishaanza iliyo bora huwa imekwisha. Mche wenye mzizi uliojikunja ndani ya mfuko ukataliwe hata ukiuzwa nusu bei. Mfuko wa plastiki uondolewe kabla ya kuupanda, uhesabiwe, na urudishwe kitaluni, ambako wengi huupokea na kuutumia tena.